Ufunguo wa Simu Uwe Mikononi mwa Nani?

Tangu majuma machache yaliyopita wanafunzi wa madarasa ya juu wamekuwa wakishindana kwa maneno juu ya jambo ambalo wazee wengi hawajalisikia, nao wametuomba tuliandikie katika ukurasa huu. Swali lao ni hili: mwenye simu janja, je, ana haki ya kutia ndani yake programu yoyote aipendayo, iwe imetoka kwa mtu gani? Au yafaa wale waliotunga mfumo endeshi wa simu, yaani ile programu mama inayoziongoza nyingine zote, wamwekee mipaka asiyoweza kuivuka? Wale wa upande wa kwanza wakatoa methali ya zamani: mtoto akililia wembe, mpe. Wa upande wa pili wakajibu kwamba methali hiyo ilitungwa kabla wembe haujaanza kutunza fedha za masomo za watoto watatu.

Asili ya mabishano hayo ni tangazo la kampuni ya Google ya Marekani, lililotolewa mwezi wa Agosti 2025. Google ndiyo yenye mfumo wa Android, unaoendesha sehemu kubwa ya simu za Afrika: Tecno, Itel, Infinix, Samsung na nyinginezo zinazouzwa hapa Bunia, kuanzia soko kuu hata vibanda vya Mudzi-Pela. Tangu simu ya kwanza ya Android ilipotoka mwaka 2008, mwenye simu aliweza kuchukua programu katika duka la Google, au kuipata kwingineko na kuitia mwenyewe, baada ya kuonywa mara moja au mbili. Tangazo la 2025 lilisema kwamba desturi hiyo itabadilishwa. Programu haitaingia katika simu iliyoidhinishwa na Google isipokuwa mtungaji wake amejiandikisha kwa kampuni kwa jina lake halisi, hata kama programu yenyewe haipiti dukani mwake. Mwanzo uliwekwa Septemba 2026 katika nchi za Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand. Nchi nyingine, nasi tukiwamo, kuanzia mwaka 2027. Watu wengi walilalamika, na mwezi wa Novemba 2025 kampuni ikaahidi kwamba wenye ujuzi watatengenezewa njia ya kupita, ila njia yenye maonyo mengi.

Kabla ya kuilaumu kampuni, yatupasa kusikiliza sababu yake, kwa maana si sababu ya uongo. Simu ya leo si chombo cha kupigia salamu tu. Mama auzaye samaki wa Kasenyi huweka faida yake katika Airtel Money, Orange Money au M-Pesa. Mwizi ajua hayo. Hutunga programu yenye sura ya benki, au ya mkopo wa haraka, au ya kutazama mpira bila malipo, kisha huisambaza kwa ujumbe. Ikisha kuingia, huomba ruhusa mbili tatu. Ya kwanza ni kusoma ujumbe mfupi, na hapo ndipo namba za siri za benki zinapopita. Ya pili ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwasaidia vipofu, ambayo humwezesha msaidizi kusoma kila kilicho kwenye kioo cha simu na kubofya badala ya mwenyewe. Chombo kilichofanywa kwa huruma hugeuzwa kuwa mkono wa mnyang'anyi! Google husema kwamba katika programu zinazotoka mitaani wamekuta zenye madhara mara 50 kuliko katika duka lao. Ndiyo maana mwaka 2024 walianza kuzizuia zile ziombazo ruhusa za namna hiyo, kwanza Singapore, kisha katika nchi nyingine, na jirani zetu wa Kenya wakiwa miongoni mwao.

Basi, je, mlango ufungwe kabisa? Hapo ndipo twasita, na sababu ya kusita kwetu si vitabu bali ni Bunia yenyewe.

Asemaye kwamba kila mtu achukue programu zake dukani tu, asahau kwamba duka lile liko mbali, nalo hufikiwa kwa mega zinazonunuliwa kwa fedha. Kijana wa Nyakasanza akitaka programu nzito hafanyi hivyo. Humwendea mwenzake aliye nayo, wakaweka simu mbili karibu, na programu ikahamia kutoka moja kwenda nyingine bila kula hata mega moja. Au huenda kwa fundi wa kibandani, naye humjazia kadi ya kumbukumbu. Kamusi, vitabu vya hesabu, Biblia ya kusoma usiku bila intaneti, vyote husafiri hivyo, mkono kwa mkono, kama vile zamani vitabu vya shule vilivyopitishwa toka kaka hadi mdogo. Tena tukumbuke siku zile za baada ya uchaguzi, tangu 31 Desemba 2018 hata katikati ya Januari 2019 na kupita, serikali ilipoukata mtandao wa intaneti katika nchi nzima. Duka la Google lilikuwa kama limefungwa kwa minyororo, lakini simu mbili zilizokaa meza moja ziliweza bado kupeana.

Kisha kuna mtungaji mwenyewe. Tuseme kijana aliyesoma ufundi wa kompyuta ametunga programu ndogo ya kuhesabu michango ya chama cha akina mama, au kamusi ya Kihema, au ya Kilendu. Kwa sheria mpya itampasa kuipa kampuni ya ng'ambo jina lake, anwani yake, kitambulisho cha serikali na dola 25. Dola hizo kwa mtu wa California ni bei ya chakula cha mchana. Hapa ni jambo la kujadiliwa nyumbani. Na kitambulisho gani? Wengi wetu hatuna kingine ila kadi ya mchaguzi. Kampuni imesema kwamba wanafunzi na wenye kujifunza watapewa njia isiyo na malipo, lakini programu zao zitaingia katika simu chache tu. Ni wema, hatukatai. Ila kamusi ya Kilendu haikutungwa kwa ajili ya simu chache.

Wengine watasema: afadhali taabu hiyo kuliko wizi. Tungekubali upesi kama tungekuwa na hakika kwamba mwizi huingia kwa mlango wa mtumiaji peke yake. Lakini habari za mwaka 2020 zafundisha vingine. Wachunguzi wa kampuni moja ya usalama waligundua kwamba simu za aina ya Tecno W2, zilizouzwa kwa bei nafuu katika Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni na Ghana, zilitoka katika sanduku lake zikiwa na programu haramu ndani yake tayari. Programu hiyo ilijiandikisha kwa siri katika huduma za kulipia, ikala yunite za watu maskini pasipo wao kujua. Simu zilizohusika zilipita 200,000. Mwenye simu aliifuta, nayo ikarudi. Alirudisha simu katika hali ya kiwandani, ikarudi tena! Watengenezaji walimlaumu mtu mmoja katika safari ya bidhaa, tena wakasema wameleta dawa. Sisi hatukusudii kuwahukumu. Twataka tu msomaji aone kwamba katika jambo lile mnunuzi hakufungua mlango wowote. Mlango ulifunguliwa nyuma ya mgongo wake, na yeye mwenyewe hakuwa na ufunguo wa kumtoa mgeni.

Na neno «ulinzi», wapenzi wasomaji, sisi Wakongo twalijua kwa namna ya pekee. Mwezi wa Septemba 2020 ilianzishwa nchini mwetu daftari la simu, ile tuliyoizoea kwa jina la RAM. Tuliambiwa ni kwa faida yetu: simu bandia zitatambulikana, simu zilizoibwa zitafungwa. Kila simu ikatozwa ada, nayo ikakatwa katika yunite tulizokuwa tumekwisha kununua. Mtu aliweka yunite za kumpigia mgonjwa, akakuta zimepungua. Malalamiko yakawa mengi mitaani na Bungeni, hata mwaka 2022 ada ile ikafutwa. Daftari la kuzuia wizi si jambo baya kwa asili yake. Lililowaumiza watu ni kwamba chombo chao kiliamuliwa na mwingine, wao wakajulishwa baadaye.

Tutazame pia upande wa iPhone, ingawa wenye nayo Bunia si wengi. Tangu kampuni ya Apple ilipofungua duka lake mwaka 2008, mwenye simu hiyo hakuruhusiwa kuchukua programu mahali pengine. Waliosifu ukali huo walisema ndio uletao amani. Lakini Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya masoko ya kidijitali, na mwezi wa Machi 2024 Apple ikalazimika kuruhusu maduka mengine, katika nchi za Umoja huo tu. Leo basi ndugu wawili waweza kuwa na simu sawasawa, mmoja akikaa Bruxelles na mwingine Bunia. Wa Bruxelles anaweza kuchagua duka. Wa Bunia hawezi. Chuma ni kile kile, kioo ni kile kile. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana wabunge waliomsemea.

Hatusemi kwamba kila kufuli ni dhuluma, la hasha. Kuna kufuli za haki. Huko Kenya na Uganda kampuni kama M-KOPA huuza simu kwa mkopo, mnunuzi akilipa kidogo kidogo kila siku; asipolipa, simu hujifunga mpaka alipe. Hilo ni sawa na nyumba ya kupanga, ambayo mwenye nyumba hajakabidhi bado. Lakini na aangalie sana mtu wa Bunia anayeletewa simu ya bei rahisi kutoka ng'ambo ya Ziwa Albert: aulize kwanza kama deni lake limekwisha, maana kufuli ya mkopo haijui mpaka wa nchi. Kadhalika mzazi anayempa mtoto wa miaka kumi simu ana haki, naam, ana wajibu, wa kuifunga hivi kwamba pasiingie programu bila kibali chake. Android yenyewe ina njia ya kufanya hivyo. Lakini mzazi mwenye akili hulegeza kufuli kadiri mtoto anavyokua. Hamfungii binti wa miaka ishirini na mitano kama alivyomfungia wa miaka kumi.

Hapo ndipo tunapoona kosa la mpango ule mpya, kama ulivyotangazwa mara ya kwanza. Ulimfanya kila mtu mzima kuwa mtoto daima, na baba yake kuwa kampuni. Sisi twaona hivi: mlinzi na asimame mlangoni, aonye kwa sauti kubwa, tena kwa Kiswahili fasaha wala si kwa Kiingereza kisichosomeka kwa mama wa sokoni. Hata akitaka kumchelewesha mtu siku nzima kabla ya kufungua, hatutanung'unika, maana matapeli hutegemea haraka. Huyu anayekuambia kwa simu «bofya sasa hivi» hushindwa ukipata usiku mmoja wa kufikiri. Lakini neno la mwisho liwe la yule aliyeinunua simu. Na ufunguo huo usiishie kwenye programu tu. Simu ikizeeka na kampuni ikiacha kuipelekea marekebisho, programu kama WhatsApp mwishowe hukataa kufanya kazi humo. Fundi hodari aweza kuitia mfumo mwingine na kuifanya itumike tena miaka kadhaa, mradi kiwanda hakikuifunga kabisa. Katika mji ambapo simu hupita mikono mitatu kabla ya kufa, hilo si jambo dogo.

Kwa sasa, kabla sheria mpya haijafika kwetu, twawaomba vijana wafanye mambo haya. Mwenzako akikupa programu, tazama ruhusa inazoomba: tochi haina haja ya kusoma ujumbe wako, wala mchezo wa karata hauna haja ya ile ruhusa ya vipofu. Ikiomba, ikatae, na kuifuta. Simu iliyo na fedha za nyumba isitiwe programu za majaribio kamwe; tafuta simu ya pili, hata kuukuu. Nao wale wanaotunga programu wenyewe wasingoje mwaka 2027 ufike. Waungane, watano au kumi, wachange zile dola 25 na kuandikisha jina moja la chama, na wakiandika kwa kampuni wadai kwamba kadi ya mchaguzi ya Kongo ipokelewe kama kitambulisho kamili. Barua kama hizo zikiwa nyingi husomwa. Kelele za mwaka 2025 zilikwisha kuilazimisha kampuni kurudi nyuma hatua moja.