Nukta Ikisimama kwenye Ramani



Mwaka jana binti yangu alisafiri kwa basi kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, anakosoma. Kabla ya kupanda, alifungua WhatsApp katika simu yake, akanishirikisha mahali alipo kwa muda wa saa 8. Nilikaa nyumbani nikiitazama nukta ndogo ikisogea juu ya ramani, na moyo wangu ukatulia. Ilipofika karibu na Fungurume, nukta ikasimama. Nusu saa ikapita, kisha saa moja, kisha saa mbili. Mama yake alishika rozari. Mimi niliendelea kuitazama simu, nikikumbuka kila ajali niliyowahi kusimuliwa ya barabara ile yenye malori mengi ya shaba na kobalti.

Jioni simu ililia. Alikuwa amefika salama kwa shangazi yake. Betri ilikwisha njiani, basi. Nilipomweleza hofu yetu, aliniuliza kwa upole: "Baba, katika saa zile mbili ulifanya nini?" Nikamjibu kwamba nilikuwa naitazama simu. "Shangazi alikuwa na namba ya dereva," akasema. "Ungempigia." Nilinyamaza, kwa maana alisema kweli.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili, nami naona ni vema tulitafakari pamoja, kwa sababu limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za parokia zetu. Wazazi wanawataka watoto wao waweke katika simu programu za kuonyesha walipo, mchana na usiku. Vijana wengine wanakataa. Wengine wanakubali kwa midomo, kisha wanaiacha simu kwa rafiki na kwenda wanakotaka. Maoni yangu ni haya: chombo hiki kinafaa kwa safari na kwa dharura, iwapo anayefuatiliwa amekubali na anayefuatilia anajua mipaka yake. Kikigeuzwa kuwa njia ya kudumu ya kulea watoto, au ya kumchunga mchumba, kinaharibu uaminifu, ambao ndio ulinzi wa kwanza wa jamaa.

Kwanza tujue kinavyofanya kazi. Wengi hudhani kwamba satelaiti huko juu inamtazama mtu na kumwona anakopita. Sivyo. Satelaiti za mfumo wa GPS, ambao ni mali ya Marekani, huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza bila kukoma mahali ilipo na saa yake. Simu husikiliza tu, haizijibu. Kwa kupima muda ambao kila tangazo limetumia kufika, simu hukadiria umbali wake na kila satelaiti. Huhitaji kuzisikia satelaiti zisizopungua nne: tatu kwa kupata mahali, na ya nne kwa kusahihisha saa ya simu yenyewe, ambayo haina usahihi wa saa za satelaiti. Urusi, Ulaya na China nazo zina mifumo ya namna hiyo, na simu nyingi za leo husikiliza zaidi ya mmoja. Uwanjani, chini ya anga lililo wazi, simu hukosea kwa mita 5 hivi. Ndani ya nyumba au kati ya kuta ndefu hukosea zaidi. Isipozisikia satelaiti, hukisia kwa waifai na minara ya simu iliyo karibu. Na kwa minara pekee kosa laweza kuwa la mamia ya mita, hata la kilomita kadhaa mahali ambapo minara ni michache.

Hiyo ni hatua ya kwanza. Katika hatua ya pili, simu hutuma habari hiyo kwa mtandao hadi kwenye kompyuta za kampuni yenye programu, ambazo mara nyingi ziko ng'ambo. Katika hatua ya tatu, simu ya mzazi huipokea habari na kuichora juu ya ramani. Ili hatua zote zitimie, lazima pawe na mtandao, mega za kutosha, na betri yenye umeme. Kimoja kikikosekana, nukta hubaki pale ilipoonekana mara ya mwisho. Kwa hiyo nukta iliyosimama si ushahidi kwamba mtu amesimama. Programu nyingi huandika kwa herufi ndogo ni lini habari ya mwisho ilifika. Siku ile nilikuwa na maneno hayo mbele ya macho yangu, wala sikuyasoma. Zaidi ya hayo, simu nyingi huzilaza programu ili kuokoa betri, hata lile linaloitwa "sasa hivi" likawa jambo la robo saa iliyopita.

Tena kuna mpaka mwingine ambao fundi hawezi kuuondoa: programu huonyesha simu ilipo. Mwenye simu anaweza kuwa kwingine kabisa.

Sisi wa Lualaba tunao mpaka wetu wa pekee, nao uko chini ya miguu yetu. Mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao, na mashimo yakashuka makumi ya mita. Mawimbi ya satelaiti hufika duniani yakiwa dhaifu sana. Mita chache za udongo zinatosha kuyanyamazisha, na mtandao wa simu hunyamaza pamoja nayo. Mama ambaye mwanawe ameshuka shimoni ataiona nukta mdomoni mwa shimo, kama ataiona. Hatajua kama mwanawe anapumua vizuri, kama maji yameingia, kama udongo umepasuka.

Hata juu ya ardhi nukta haioni hatari. Tarehe 27 Juni 2019, kuta za udongo ziliporomoka katika machimbo ya wazi ya KOV, hapa Kolwezi, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, zikawaua wachimbaji wa mikono wasiopungua 43. Tuseme kila mmoja wao alikuwa ameshirikisha mahali alipo kwa jamaa yake. Ramani ingeonyesha kwa usahihi kwamba wako KOV. Isingeonyesha ukuta unaokaribia kuanguka, wala isingemvuta mtu mmoja mkono atoke. Na hapa pana uchungu ambao hatuna budi kuutaja: zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu hutoka katika nchi yetu, na kobalti hiyo imo katika betri za simu nyingi. Simu hiyo hiyo haiwezi kumwona anayechimba kobalti yake.

Ni nini basi kingewasaidia wenye jamaa machimboni? Sheria ya madini inawakataza wasiotimiza miaka 18 kuchimba. Neno la kwanza ni kuitii sheria hiyo, na jumuiya zetu zina wajibu wa kumsaidia mzazi anayemtoa mtoto shuleni kwa kukosa karo. Kwa mtu mzima anayetafuta mkate wa nyumba yake, kinga hutoka kwa watu: jamaa wajue anachimba wapi na pamoja na nani, ajulikane mwenzake anayebaki juu, itajwe saa ya kurudi, na itajwe pia hatua ya kuchukua saa hiyo ikipita. Mambo hayo huambiwa kwa kinywa, naye hayasemi ila yule asiyeogopa kuulizwa.

Najua mzazi atanijibu: "Wewe unasema hivyo kwa kuwa wako amefika salama." Jibu hilo lina uzito. Mji wetu umejaa wageni na pesa za haraka, na mama anayengoja mlangoni usiku hana haja ya somo juu ya satelaiti. Kwa mtoto mdogo, mzazi ana haki ya kuamua, kama anavyoamua saa ya kulala. Lakini mtoto hukua. Kijana wa miaka 17 anayefuatiliwa kila dakika hujifunza jambo moja upesi sana, nalo ni kujificha. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa kumvizia, usishangae akiwa hodari wa kuviziwa.

Neno hili nalielekeza pia kwenu vijana wenyewe, hasa wavulana. Nimesikia wachumba wakidai kuonyeshwa mahali walipo wenzao kila saa, wakiuita wivu huo upendo. Binti akiizima simu, anaulizwa anaficha nini. Hiyo ni kamba shingoni. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Nayo Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Anayeweka programu ya kufuatilia kwa siri katika simu ya mwenzake amevunja haki hiyo, hata akiwa na pete ya uchumba mfukoni.

Tena si jamaa pekee wanaoiona nukta. Mnamo Desemba 2021, gazeti la The Markup la Marekani lilifichua kwamba Life360, programu ya jamaa inayotumiwa na mamilioni ya watu, ilikuwa ikiuza habari za mahali walipo watumiaji wake kwa wafanyabiashara wa habari. Baadaye kampuni ilitangaza kuacha kuuza habari kamili za namna hiyo. Wazazi wale walitaka kuwalinda watoto wao. Bila kujua, waliwaingiza sokoni. Basi, kabla ya kukubali programu, ulizeni: ni nani mwingine anayeona, na kwa faida ya nani?

Mwinjili Luka anatusimulia jinsi Maria na Yosefu walivyotembea siku nzima wakidhani kwamba Yesu, mwenye miaka 12, yumo katika msafara. Walipomkosa waliwauliza kwanza ndugu na watu waliojuana nao, kisha wakarudi Yerusalemu, na baada ya siku tatu wakamwona hekaluni. Naliona jambo moja katika habari hiyo: hawakukaa wakingoja. Waliuliza watu, wakarudi njia waliyoijia. Walipompata, mama alisema uchungu wake waziwazi, na mtoto akajibu waziwazi. Kisha akashuka pamoja nao Nazareti, akawatii. Mazungumzo yale yasingefanywa na ramani yoyote.

Nyumbani kwetu tumepatana hivi. Binti yangu akisafiri, ananishirikisha mahali alipo kwa muda wa safari, kisha anafunga. Akiwa mjini, simfuatilii. Kabla ya kuondoka, ananipa namba ya dereva na ya anayempokea. Tumetaja saa ya kupiga simu. Ikipita kwa saa moja, napiga mimi, na wala sikai kutazama. Alipouliza kama nilitaka mengi zaidi kwa sababu simwamini, nilimwambia ukweli: namwamini, ila naogopa. Akacheka, akasema: "Hilo ungeliniambia tangu mwanzo, Baba."

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Je, yuko mtu anayejua mahali nilipo kwa sababu nimemwambia mwenyewe? Ni nani?
2. Simu yangu ikizimika leo njiani au machimboni, jamaa yangu watampigia nani?
3. Je, namfuatilia mtu bila idhini yake, au nafuatiliwa bila yangu? Nitalisema lini, na kwa maneno gani?