Mtoto Mwepesi Naye Ana Haki Yake

Leo tuweke kando mashela na hina tuzungumzie watoto, maana hakuna harusi tunayoishonea ambayo maharusi hawaombewi kizazi chema. Na katika hicho kizazi wamo watoto wazito, wamo wa kati, na wamo wepesi, wale ambao ukiwaeleza jambo mara moja wameshalishika.

Hawa wepesi ndio tunaowasemea leo. Huku kwetu Ujiji na Kigoma mjini mtoto mzito anaonewa huruma, mtoro anatafutwa, lakini mwepesi anaachwa tu. Tunasema, "Huyo hana shida." Darasa limejaa, mwalimu ni mmoja. Yeye ameshamaliza hesabu zote, wenzake wako ya tatu. Anaambiwa akae kimya, au afute ubao, au akachote maji. Siku zikienda anajifunza kwamba shule ni mahali pa kusubiri. Wa kiume anakuwa mtundu, mara unamkuta Kibirizi kwenye mitumbwi ya dagaa. Wa kike hata huo utundu hafanyi. Ananyamaza, tunamsifu kwa adabu, na wepesi wake unazimika humo humo kwenye ukimya.

Serikali inazo shule za vipaji maalumu: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, na Tabora zipo mbili, ya wavulana na ya wasichana. Kwetu sisi wa mwisho wa reli, Tabora ndiyo jirani. Ni jambo jema sana. Lakini zote ni za sekondari, na mtoto anachaguliwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Yule aliyezimika darasa la tatu hawezi kuonekana kwenye orodha hiyo. Mwalimu Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Kuna waliomwona mapema wakampisha apite. Je, wa kwetu nani anamwona?

Na sisi Waislamu tuna shule mbili, ya serikali na chuo. Chuo cha zamani kilikuwa na hekima yake. Kila mtoto alikuwa na somo lake na ubao wake. Mwepesi akisogea, mzito hakukimbizwa, na aliyetangulia alimsomesha mwenzake. Madrasa za siku hizi zimeleta madarasa na sare, tunashukuru, lakini nyingi zimeleta pia kuitikia kwa pamoja, wote aya ile ile. Mwepesi anapoonekana, tunamkimbiza kwenye kuhifadhi tu, ili aende mashindano. Kuhifadhi ni neema kubwa. Ila mtoto mwenye akili pana anahitaji na kina.

Kina ni nini? Mpe mirathi. Mtoto anayependa hesabu aoneshwe nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumuni zinavyogawa urithi wa watu wa kweli, uone kama atalala. Mpe mwandamo wa mwezi, afuate kila usiku na kuandika. Mpe maana ya maneno anayoyahifadhi. Shuleni mpe ziwa letu: linagusa nchi 4, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal. Aulize kwa nini dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na kwa nini mbalamwezi inawasumbua wavuvi. Haya hayahitaji jengo wala mfadhili.

Hatuko peke yetu. Huko Marekani zipo shule za msingi za Mayahudi ambazo watoto wake wana mzigo kama wa wetu: dini na lugha ya kitabu chao, halafu masomo ya dunia. Wana desturi ya kale ya kusoma wawili wawili, mmoja anauliza, mwenzake anajibu na kupinga. Kujifunza jambo jema kwao si kuacha dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona kijana Zayd bin Thabit ni mwepesi, akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa nusu mwezi tu. Na Sayyidna Umar alimkalisha Ibn Abbas, angali kijana, pamoja na wazee waliopigana Badri, akamuuliza swali zito mbele yao. Hawakuishia kuwasifu. Waliwapa kazi ya kiasi chao.

Wapo watakaosema mtoto atapata kiburi, au atapigwa jicho. Hofu hiyo tunaijua. Ndiyo maana tunasema apewe kazi, sifa zipungue. Kinacholeta kiburi ni kuwa wa kwanza kila siku bila jasho. Akikutana na swali linalomshinda, atajua kwamba juu ya kila mjuzi yupo anayejua zaidi. Mama mtu aseme mashaallah, basi.

Sisi mafundi bibi harusi mwembamba hatumvishi gauni la mnene tukamwambia atalijaza. Tunapima, tunakata. Basi mama, nenda kwa mwalimu, nenda na kwa ustadhi, muulize kwa heshima: "Mwanangu akimaliza kabla ya wenzake, anafanya nini?" Kama jibu ni kusubiri, kubalianeni jambo, hata daftari moja la maswali magumu. Wenzetu wafanyabiashara, faida ya doti moja ya kitenge inanunua kitabu cha hadithi kwa ajili ya darasa. Nanyi mabibi harusi, wengi wenu mnaomba msahafu kwenye mahari, na ni ombi zuri. Ongezeni na kabati la vitabu. Kitanda na sofa vitachakaa, lakini siku binti yenu atakapomaliza hesabu kabla ya wenzake, atakuta nyumbani pa kuendelea.

Allah atujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na atupe macho ya kuwaona mapema. Amin.