Nyota Hazionekani Saa Tisa Mchana

Ninalotaka kusema ni hili: vifaa vipya vya Chama cha Sayansi vijaribiwe usiku, tena hapa hapa shuleni.

Mnakumbuka vilipoletwa: kamera, lenzi, miguu mitatu ya kuisimamisha na kijisanduku chenye mota ndani. Vilijaribiwa saa tisa mchana. Tukapiga picha ya goli, watu wakapiga makofi, kisha vikafungiwa maabarani. Sasa jamani, ni nani aliyewahi kuona nyota saa tisa mchana? Shule yetu ni ya kutwa na jioni lango hufungwa. Vifaa vya usiku vinakaa mahali ambapo usiku hakuna mtu ila bawabu.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, mwalimu wetu wa fizikia aliomba ruhusa, tukavipeleka nyumbani kwa kina mwenzetu mmoja nje ya mji wa Machakos. Tulikuwa wanafunzi wanne tu. Jirani alikubali kuzima taa yake ya nje baada ya kubembelezwa sana (tulimwahidi picha ya ng'ombe wake).

Picha za kwanza zilikuwa aibu tupu. Kila nyota ilikuwa mstari! Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, kwa hivyo kwa dakika moja nyota husogea robo ya digrii, yaani nusu ya upana wa mwezi. Kamera ikiachwa wazi muda huo, nyota huchora mkia. Kazi ya kijisanduku ni kuizungusha kamera polepole iandamane na nyota, lakini sharti kilazwe sambamba na mhimili wa dunia. Kitabu cha maagizo kilisema tukilenge kwenye Nyota ya Kaskazini. Tukaitafuta wee! Mmoja wetu akaapa ameiona, kumbe ni taa ya mlingoti wa simu. Machakos iko kusini ya Ikweta kwa digrii moja na nusu hivi, na nyota ile haichomozi kwetu hata siku moja. Aliyekiandika kile kitabu hakutufikiria sisi.

Basi tukachukua dira na pimamaji ya baba mwenye nyumba, ambaye ni fundi mwashi. Tukakielekeza kijisanduku kusini, kikalala karibu sawa na ardhi, na swichi tukaigeuza upande wa kusini. Saa nne kasorobo tukapata picha ya dakika nzima. Nyota zilikuwa vitone, na katika kundi la Orioni palikuwa na wingu la rangi ya waridi. Wingu hilo liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300. Nuru tuliyoinasa iliondoka huko kabla mji wa Gede haujajengwa.

Lakini aliyekisoma kile kitabu kutushinda sote hakuwepo. Anakaa mbali, hana wa kumrudisha usiku, na mama yake alikataa. Ningekuwa mama yake, mimi pia ningekataa. Jumatatu nilimwonyesha picha. Akaitazama kitambo, akaniuliza, "Swichi mliigeuza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema alilijua hilo tangu Jumatano.

Wako watakaosema eti tutapoteza wakati wa masomo. Hebu niulizeni mimi: hizo digrii 15 nilizikariri kwenye jiografia tangu kidato cha kwanza, na sikuziona mpaka usiku ule. Naomba usiku mmoja tu kila muhula, usio na mbalamwezi, uwanjani petu, walimu wakiwepo na wazazi wakialikwa, na basi la shule liwarudishe wanaokaa mbali. Bawabu nimeshazungumza naye. Amesema taa za uwanjani atazizima, mradi naye achungulie.