Chujio la Sauti na Michango ya Kwaya

Vijana wa studio hapa Tunduma wanaitaka kwaya yetu ichange fedha, linunuliwe chujio la sauti la kompyuta, tena lile la bei ghali. Napinga. Chujio, ndugu msomaji, kazi yake ni kupunguza. Haliwezi kuleta sauti ambayo mwimbaji hakuitoa. Ngurumo nzito ya malori yaendayo Zambia hupunguzwa vizuri na chujio la Audacity, programu itolewayo bure tangu mwaka 2000. Na honi je? Honi imo katika masafa yaleyale ya waimbaji; ukiikata, umewakata na wao. Hata hilo la ghali litashindwa hapo, pamoja na picha zake za swichi zinazong'aa. Kwanza tununue mablanketi mazito ya madirisha.