Daftari la wiki: Majina nyuma ya picha

Julai ya Mafinga haina huruma. Ukungu ukishatanda asubuhi, hata wenye mashamba wanachelewa kutoka, na albamu zinashuka kutoka juu ya kabati. Wiki hii nimeshinda jikoni kwa shangazi nikizipekua.

Kwanza, masweta. Anayedhani Tanzania nzima ni nchi ya joto atazame picha za watoto wa Mufindi: masweta ya kufumwa, kofia za sufu, midomo iliyopasuka kwa baridi. Na hakuna anayecheka. Filamu ilikuwa na picha 36, na mpiga picha hakuwa tayari kupoteza hata moja kwa mtoto anayechezacheza. "Simama wima, usipepese!" Tukasimama kama askari wa gwaride. Alikuja Krismasi, Pasaka au siku ya kipaimara, akachukua malipo ya awali, halafu filamu ikapelekwa Iringa kusafishwa. Wiki kadhaa baadaye anarudi na bahasha. Umefumba macho? Utalipa hivyo hivyo.

*

Picha moja nimeikalia muda mrefu. Mimi na binamu yangu tumesimama kando ya kitalu cha misonobari ya Sao Hill, na miti inatufika kiunoni. Shamba hilo ndilo kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na lilipanuliwa sana miaka ya 1970 na 1980. Msonobari huchukua miaka ishirini na kitu kufikia kuvunwa, kwa hiyo ile tuliyopiga nayo picha ilishakuwa mbao zamani, pengine imeezeka paa la mtu Dar es Salaam. Pale pamepandwa mingine. Binamu ana wajukuu sasa, na amenenepa.

*

Babu, aliyepigwa picha nyeusi na nyeupe, bado anaonekana hadi vifungo vya koti. Sisi wa picha za rangi tumegeuka wekundu. Sababu si uzembe wa mtu: picha ya zamani iliundwa kwa chembe za fedha, madini yenyewe, ilhali ya rangi imeundwa kwa dawa za rangi zinazochuja, na katika karatasi nyingi za enzi zile buluu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, tulizoziona za kisasa, nazo zimechangia. Picha ikiwa imeganda, usiivute kwa nguvu. Ipige picha kwa simu ikiwa hapo hapo.

*

Zanzibar wana bahati. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za watu wa mji zimeendelea kuning'inia ukutani mwake hadi zama zetu. Wapiga picha wetu wa kutembea na baiskeli walikufa na negativu zao, au zilitupwa na waliobaki. Nani angejua ni mali?

*

Watoto wa leo wana picha nyingi kabla hawajaota jino. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni picha ya mtoto akiogeshwa kurushwa mtandaoni ili watu wacheke. Sisi picha zetu za aibu zilikaa kabatini, tukazionesha tulipotaka.

*

Kuna binti mwenye gauni jeupe la kipaimara, amesimama katikati yetu, mkono wake begani kwangu. "Mwanangu, huyu alikaa hapa kwetu mwaka mzima," shangazi anasema, "lakini jina limenipotea." Nikageuza picha. Nyuma kuna nembo ya kiwanda cha karatasi tu.

Kwa hiyo, msomaji, kaa na mzee wako wikiendi hii na penseli laini. Biro huchimba hadi upande wa mbele. Andika majina, mahali na mwaka. Anza na picha za kundi, maana hizo ndizo majina yake hupotea kwanza.