Nanasi la Kiwangwa na shahada ya uzamili: nani anamsubiri mhandisi kemikali?

Msafiri anayetoka Bagamoyo kwenda Msata huijua Kiwangwa kwa mananasi yaliyopangwa kando ya lami. Msimu ukikolea, mananasi huwa mengi kuliko wanunuzi. Bei hushuka, na tunda lililoiva halina subira: lisipouzwa ndani ya siku chache, linaoza. Mkulima aliyelisubiri karibu mwaka mmoja na nusu tangu kupanda anabaki kuuza kwa bei anayotajiwa.

Katika familia hizo hizo wapo vijana waliosoma masomo ya sayansi, wakafika chuo kikuu na kupata shahada ya kwanza ya uhandisi. Ajira ikichelewa, swali linaletwa mezani: aendelee na shahada ya uzamili? Na kama ada haipo, je, kipande cha shamba kiuzwe? Katika makala haya tunaliangalia swali hilo kupitia uhandisi kemikali, fani inayohusu moja kwa moja kile kinachooza kando ya barabara.

Mhandisi kemikali na nanasi wapi na wapi?

Wengi wakisikia kemikali hufikiria sumu na maabara. Kazi kubwa ya mhandisi huyu ni kugeuza malighafi kuwa bidhaa kwa wingi, kwa usalama na kwa gharama inayolipa. Sukari, saruji, mafuta ya kula, bia, sabuni, mbolea na maji safi ya bomba vyote vinapita mikononi mwake.

Tuchukue mfano wa juisi nzito, ile ambayo viwanda huihifadhi na baadaye kuichanganya na maji. Katika kilo 100 za juisi ya nanasi lililoiva, takriban kilo 12 ni sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Zinazobaki ni maji. Ukitaka juisi nzito ambayo asilimia 60 yake ni vitu hivyo, utabaki na kilo 20 tu. Kilo 80 za maji lazima ziondoke kama mvuke.

Hapo ndipo gharama ilipo. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takriban megajuli 2.26 za joto. Kilo 80 zinahitaji karibu megajuli 180, sawa na uniti 50 za umeme. Kwa hesabu yetu, ukitumia kuni kavu na boila la kawaida linalopoteza sehemu ya joto, utachoma kama kilo 20 za kuni. Yaani kilo moja ya kuni kwa kila kilo ya juisi nzito. Kwa mwendo huo, faida inaishia jikoni na misitu inaisha.

Mhandisi anajua njia nyingine. Mvuke unaotoka kwenye chombo cha kwanza unatumika kuchemsha chombo cha pili, na wa pili unachemsha cha tatu. Mgandamizo wa hewa ndani ya vyombo ukipunguzwa, juisi huchemka kwa joto la chini, na rangi na ladha yake haziharibiki sana. Kwa vyombo vitatu, mahitaji ya mvuke yanaweza kushuka hadi karibu theluthi moja. Maganda na vikonyo, badala ya kutupwa, vinaweza kuozeshwa kwenye mtambo wa gesi na kupunguza kuni.

Lakini msimu ukiisha mitambo itafanya nini? Mtambo unaofanya kazi miezi mitatu na kulala tisa haulipi mkopo wa benki. Je, uweze kusindika maembe na machungwa pia? Ukubwa gani unatosha? Maswali ya namna hii hayana jibu kwenye kitabu, na ndiyo yanayofaa utafiti wa uzamili.

Shahada yenyewe ikoje?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Leo masomo hayo yako chini ya Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, yenye idara ya uhandisi kemikali na michakato. Kwa kawaida uzamili, ambao chuoni huitwa pia umahiri, huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili: kwanza masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Mwombaji hutakiwa awe na angalau daraja la pili la chini, ambalo huanzia wastani wa 2.7 kati ya 5.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa kiasi kikubwa inawalenga wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mhitimu aliyekopa huko anadaiwa, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anayeingia uzamili bila mfadhili anaongeza gharama mpya juu ya deni la zamani.

Nje ya nchi kuna milango, nayo ina masharti yake. Uingereza uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja lakini ada ni kubwa, hivyo ufadhili kama wa Chevening hugombewa na wengi. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza asiye na mfadhili ameonyeshwa kiwango cha yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu kama fedha za kujikimu kwa mwaka. Kwa familia inayotegemea mananasi, "bila ada" haina maana ya bure.

Jambo jingine husahaulika: uzamili haumfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu kisheria. Hilo ni jukumu la Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na msingi wake ni uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Mpango wa bodi hiyo wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu ni wa miaka mitatu. Mwenye nafasi ya kuingia kiwandani kupitia mpango huo afikirie mara mbili kabla ya kuiacha na kurudi darasani.

Funzo la korosho

Elimu ya juu inaweza kufika kileleni na zao likabaki pale pale. Hayati Rais John Magufuli alikuwa mkemia. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ilihusu mafuta ya maganda ya korosho na uwezo wake wa kuzuia kutu kwenye chuma.

Novemba 2018, akiwa Ikulu, serikali yake iliamua kununua korosho za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya mvutano wa bei na wafanyabiashara. Nia ilikuwa pia kuzibangua nchini. Uwezo wa viwanda haukutosha kwa mavuno yale. Hadi leo sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa nje ghafi, na maganda yake, yale yale yaliyoandikiwa tasnifu, husafiri nazo.

Ujuzi ulikuwepo, tena mahali penye mamlaka makubwa kabisa. Kilichopungua ni mitambo, mitaji, umeme wa uhakika na soko.

Funzo la mkonge

Mfano wa pili uko Hale, mkoani Tanga. Katika jani la mkonge, nyuzi zinazouzwa ni karibu asilimia 4 tu. Mengine yalikuwa takataka. Kampuni ya Katani, kwa msaada wa serikali na mashirika ya kimataifa, ilijenga hapo mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo. Tofauti na korosho, utafiti huu ulikuwa na anwani: kulikuwa na shamba, kampuni yenye tatizo, na fedha za kujenga.

Mizani yetu

Tunaona uzamili wa uhandisi kemikali una thamani kwa kijana wa Kiwangwa iwapo majibu matatu yapo kabla ya kujaza fomu. Tatizo analokwenda kulitafiti ni la nani? Nani analipa? Na tasnifu ikikamilika, nani ataitumia? Asiye na jibu hata moja anaweza kuwa anakimbia ukosefu wa ajira kwa miaka miwili, kisha aukute mlangoni ukimsubiri.

Mzigo huu si wa kijana peke yake. Mwaka 2017 ziara ya Rais Magufuli mkoani Pwani ilikipa umaarufu kiwanda cha kusindika matunda cha Sayona, kilichopo kijiji cha Mboga, Chalinze. Viwanda vya namna hiyo, Halmashauri ya Chalinze na vyuo vyetu vinaweza kukubaliana jambo dogo: kila mwaka kiwanda kitaje tatizo moja, kigharamie mwanafunzi mmoja, na chuo kimsimamie huko huko kiwandani. Hiyo ingegharimu kidogo kuliko shehena za matunda yanayooza.

Kuhusu lile swali la mezani, msimamo wetu ni huu: shamba lisiuzwe kwa ajili ya ada kabla ya kutafuta ufadhili, ajira ya msaidizi wa utafiti au mafunzo ya ERB. Shahada inaweza kusubiri mwaka mmoja. Ardhi ya Kiwangwa ikishauzwa hairudi, na mhandisi atakayerudi na ujuzi wake atahitaji nanasi la kuanzia.