Lishe ya Aliyepasuliwa Moyo



Wengi wetu tuna jamaa bara: binti aliyeolewa huko, au ndugu aliyehamia kwa biashara. Juma hili tuchukue mfano wa mkaazi wa Kenyenya, Kaunti ya Kisii, aliyeharibika valvu ya moyo kwa homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo aghalabu huanzia utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mgonjwa kama huyo aweza kupelekwa hospitali ya Tenwek, Bomet, ambako moyo hupasuliwa.

Jamaa hufika chumba cha wagonjwa mahututi na themosi ya uji wa wimbi, na muuguzi huwazuia. Wasimdhanie ubaya. Mpira wa kupumulia hupita baina ya nyuzi za sauti, na ukiondolewa, koo huweza kubaki limelegea. Tonge au funda la maji laweza kupotea njia likaingia mapafuni, likaleta nimonia kwa mtu ambaye kifua chake kimetoka kupasuliwa. Kabla ya kumnywesha chochote, ulizeni: je, amekwisha kupimwa kumeza?

Wagonjwa wengi huondolewa mpira huo mapema, wakaanza kwa mafunda madogo na kisha chakula laini. Anayekawia kwenye mashine hulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani hadi tumboni, na madaktari hupendelea kuanza ndani ya saa 48. Mwili usiolishwa hujila wenyewe: misuli hupungua, hata ile ya kuvutia pumzi, na kuachana na mashine huwa kugumu. Hata hivyo, ikiwa shinikizo la damu bado linashikiliwa kwa dawa kali, utumbo hupata damu kidogo, na chakula kingi huweza kuudhuru. Ndiyo maana huanza kwa kiasi kidogo na kuongezwa siku hadi siku.

Kipimo kinachokusudiwa ni takriban gramu 1.3 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ahitaji gramu 78, yaani karibu protini ya mayai 13. Uji mtupu haufikii hapo, na kwa hiyo hospitali hutumia maziwa maalumu ya kulishia.

Jamaa wana kazi kubwa hata hivyo. Mwelezeni muuguzi kama mgonjwa alikuwa amekonda kabla ya operesheni, kama ana kisukari, na vyakula vinavyomdhuru. Akiruhusiwa kula, pelekeni kidogo kidogo: yai, samaki, maharagwe yaliyopondwa, bila chumvi nyingi. Maji nayo hupimwa, msimwongezee kwa siri.

Akirudi Kenyenya atakuta chinsaga na managu, ambazo sisi Pwani twaziita mgagani na mnavu. Aliyewekewa valvu ya chuma hutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vitamini K iliyomo katika mboga za majani hupunguza nguvu yake. Asiziache mboga, ale kiasi kinacholingana kila juma. Akizila kwa wingi ghafla, damu yaweza kuganda kwenye valvu. Akiziacha ghafla, yaweza kumwagika. Hudhurio la kupima damu lisikoswe, na dawa za miti shamba, hata habbasoda, zitajwe kwa daktari kabla ya kutumiwa.

Ramadhani ikimkuta katika hali hiyo, akumbushwe kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na amuulize daktari wake kabla ya kunuia saumu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Wassalaamu alaykum.